Risala ya Wahitimu wa Mafunzo ya Mikopo na Sheria za Benki kwa Mgeni Rasmi, Lamu

Mheshimiwa mgeni rasmi, mashekhe na wazee wetu wa Amu, wakufunzi wetu, mameneja wa matawi, mabibi na mabwana, Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Karibu Amu. Sisi wahitimu wa mafunzo ya mikopo na uzingatiaji wa sheria za benki tunakushukuru kwa kuvuka maji kuja kutukabidhi vyeti. Tumeona shukrani pekee haitoshi. Tunataka ujue tulichosomeshwa, kwani vyeti hivi vitapimwa kwa faili tutakazoandika, pale zitakapofunguliwa na mkaguzi wa Benki Kuu au hakimu.

Mheshimiwa, mikopo mingi inayoharibika huwa imeharibika siku ile ile ilipoandikwa. Chukua mvuvi wa Kizingitini anayeomba shilingi 480,000 anunue mashine ya boti, alipe kwa miezi 24. Kompyuta inagawa sawasawa: 20,000 za msingi kila mwezi, na riba juu yake. Kaskazi ikivuma vizuri anavua, na analipa bila kusukumwa. Kusi ikikaza, boti ndogo hazithubutu kutoka nje ya mwamba, na rejesho liko pale pale. Mwezi wa kwanza anakopa kwa tajiri wa samaki ili ailipe benki, wa pili anachelewa, wa tatu hapokei simu. Mtu huyu si mdanganyifu. Ratiba iliandikwa bila yeye kuulizwa huvua lini. Kiasi kile kile kingeweza kugawanywa hivi: 5,000 kila mwezi wa Juni, Julai na Agosti, na 25,000 kwa miezi iliyobaki. Katika miaka miwili hiyo ni 30,000 na 450,000, na jumla ni ile ile 480,000.

Kukosea hapo kuna bei. Kwa miongozo ya Benki Kuu ya 2013, mkopo unaolipwa vizuri hutengewa asilimia 1 ya salio, yaani benki huweka kando pesa hizo kufidia hasara usipolipwa. Ukichelewa kupita siku 30 huingia daraja la uangalizi, asilimia 3. Ukipita siku 90 huwa duni, asilimia 20. Ukipita 180 ni wa shaka, na hutengewa wote. Salio la 400,000 lisilo na dhamana linaila benki 4,000, kisha 12,000, kisha 80,000, kisha 400,000 nzima. Kwa hiyo ofisa anayepanda mashua kwenda kumwona mteja siku ya 5 anaifaa benki kuliko anayeandika barua kali siku ya 85. Na yule anayempa mteja mkopo mpya ili ufute ule wa zamani, taarifa ya mwezi ionekane safi, hajatibu chochote. Ameficha jeraha, na mkaguzi atalifunua.

Kuna kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kinachotumika tangu 2007, ambacho wateja wengi hawakijui, na tunasikitika kusema hata baadhi ya wafanyakazi. Mkopo ukishakuwa mbovu, riba haiwezi kupita kiasi cha msingi kilichokuwa kinadaiwa siku hiyo. Msingi ukiwa 500,000, riba itasimama kwenye 500,000, na gharama halali za kudai huongezwa kando. Mfumo ukiachwa uendelee kuhesabu, mteja atadaiwa pesa ambazo sheria hairuhusu.

Dhamana ndipo penye mitego ya kwetu hasa. Nyumba ya Mji wa Kale inaletwa na hatimiliki ina jina la babu aliyefariki. Warithi ni wengi, na aliyeshika karatasi ni mmoja. Bila mirathi kukamilishwa mahakamani, kwa Waislamu mara nyingi mbele ya Kadhi, na jina kubadilishwa kwa msajili wa ardhi, benki haina rehani. Ina karatasi tu ndani ya sefu. Nyumba ikiwa ya wakfu, ofisa aifunge faili hapo hapo, maana wakfu hauuzwi wala hauwekwi rehani. Na ikiwa ni nyumba ya ndoa, Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka sahihi ya kila mke au mume anayeishi humo. Wakiwa wake wawili, sahihi ni mbili.

Mteja akishindwa kulipa, hesabu ya siku hairukwi: ilani ya siku 90 ya kumtaka alipe, kisha ilani ya siku 40 ya kusudio la kuuza, kisha ilani ya siku 45 ya dalali. Ukadiriaji wa bei ya nyumba uwe umefanywa ndani ya miezi 12 kabla ya mauzo. Kesi nyingi benki hushindwa kwa ilani iliyotumwa kwenye sanduku la posta lisilotumika tena, au nakala ambayo mke hakupewa. Mahakama hutoa zuio, na ofisa huanza upya siku ya kwanza.

Kwa wanaotaka murabaha, yaani mauzo ya Kiislamu badala ya mkopo wa riba, mpangilio ndio mkataba wenyewe. Mteja aahidi kununua, benki inunue mashine na kuimiliki, ndipo imuuzie kwa bei iliyowekwa wazi. Hati ya mauzo ikitiwa sahihi kabla benki haijanunua, benki imeuza isichokuwa nacho, na shekhe mshauri ataikataa.

Kuhusu pesa haramu tutasema machache: mjue mteja na chanzo cha pesa zake, hifadhi kumbukumbu miaka 7, na ukiripoti shaka, usimdokezee mwenyewe hata akiwa binamu yako. Katika mji mdogo kama huu hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote.

Mheshimiwa mgeni rasmi, maombi yetu ni matatu. Makao makuu yaruhusu ratiba za misimu kwenye mfumo, kwa wavuvi na kwa wakulima wa Mpeketoni. Matawi ya visiwani yasipimwe kwa mikopo iliyotolewa pekee, yapimwe pia kwa iliyopita siku 90. Na ofisa wa uzingatiaji asiripoti kwa meneja anayesaka wateja, kwani hawezi kumzuia mtu anayemwandikia tathmini ya kazi. Ombi hili la tatu tunaliwekea mkazo, na tungefurahi likijibiwa leo.

Tunakukaribisha sasa utukabidhi vyeti.

Ni sisi,
Wahitimu wa mafunzo, Lamu