Barua kwa Hamisi: uwanja wa Eight Ball uliochakaa

Ndugu yangu Hamisi,

Salaam kutoka huku Chicago. Nisalimie shemeji na watoto. Picha za uwanja wa mashine yako ya pinball (ule ubao wenye michoro ambao tufe la chuma hubingirika juu yake) nimezipata, na jibu la swali lako la kwanza ni hapana: usinunue rangi bado. Kati ya kazi zinazokungoja kwenye uwanja huo, rangi ni ya nne au ya tano, na wengi wanaoharibu uwanja wao wa kwanza huuharibu kwa kuanza nayo.

Mashine yenyewe ni nzuri ya kujifunzia. Eight Ball ya kampuni ya Bally, mwaka 1977, ilitengenezwa hapa hapa Chicago, zaidi ya 20,000, hivyo vipuri vyake havisumbui sana. Ila kwa kuwa ilipendwa, ilichezwa mno. Uwanja ni plaiwudi yenye uso wa mti wa mepo, unene kama milimita 13, rangi zimechapwa juu yake kisha zikafunikwa kwa laka nyembamba. Miaka inavyopita laka hukauka na kukakamaa, huku mbao ikitanuka na kusinyaa kila majira, basi laka inapasuka kufuata nyuzi za mbao. Mistari myeusi unayoiona ni vumbi la mipira ya kuzungushia nguzo na la koili (sumaku za umeme zinazosukuma vipuri) lililojaa kwenye nyufa hizo. Tufe la chuma la gramu 80 likibingirika juu ya uchafu huo, linasaga kama msasa. Na likikuta kidirisha cha taa kilichozama (zile plastiki za rangi zilizopachikwa ndani ya mbao), linagonga ukingo wake na kubandua rangi. Ndiyo maana rangi yako imekufa kuzunguka vidirisha vyenye namba na mbele ya flipa (vile vikono vya kupigia tufe). Ukipaka bila kusawazisha vidirisha, itabanduka palepale.

Chomoa waya wa umeme ukutani kabla ya kuinua chochote. Vioo vya kuonyesha alama kwenye mashine hizi hutumia karibu volti 190, na kapasita hubaki na chaji kwa muda. Ukiwa kwenye kisanduku cha juu chenye vioo hivyo, angalia betri kwenye bodi kuu. Ikiwa ni ile ya zamani iliyolehemewa, ikate uitoe leo, maana ikivuja inakula bodi, na hiyo ni hasara kubwa kuliko rangi.

Kabla ya kufungua skrubu hata moja, piga picha za kila pembe, za juu na za chini. Ukifungua, kila kundi la skrubu liingie mfuko wake wenye maandishi. Uwanja ukiwa mtupu, uskani vipande vipande kwa nukta 600 kwa inchi, rula ikiwa ndani ya picha. Namba na mistari utakayoipoteza utaichora upya kutokana na picha hizo, huna pengine pa kuitoa.

Usafi sasa. Fyonza vumbi, kisha pangusa kwa naftha (kiyeyusho cha mafuta) na kitambaa cheupe. Naftha huondoa nta na mafuta na haigusi laka. Maji usiyatumie: yanaingia kwenye nyufa, mbao inavimba. Weusi wa kwenye nyufa unatoka kwa sponji ya melamini iliyoloweshwa alkoholi ya isopropili ya 91% au zaidi. Lakini ujue unachofanya, kwani sponji hiyo ni msasa laini sana, na alkoholi inalainisha laka. Unaondoa laka pamoja na uchafu. Fanya eneo la kiganja kimoja kwa wakati, mkono mwepesi, ukitazama sponji. Ikiwa kahawia au njano, endelea. Ikionyesha wekundu au buluu, acha hapo hapo. Namba zilizochapwa juu ya plastiki zina mshiko mdogo kuliko rangi iliyo juu ya mbao, zinafutika kwa mipanguso miwili mitatu, kwa hiyo zizunguke. Weusi kidogo ukibaki, na ubaki.

Kile kipande cha mailari (plastiki nyembamba angavu ya kulinda rangi) kilicho karibu na bampa (nguzo inayorusha tufe) ninakiona kimelala vizuri na rangi chini yake ni nzima. Kiache. Kingekuwa na mapovu, ungegeuza kopo la hewa ya kupuliza vumbi juu chini, ukapulizia ubaridi hadi gundi ikakamae, ukainua ncha polepole huku ukiendelea kugandisha. Joto nalo hubandua, ila huacha gundi nyingi zaidi ya kusafisha.

Hapa kwenye vidirisha ndipo utakapokaa muda mrefu, na ndipo mashine inapookoka. Simamisha rula ya chuma kwa ubavu juu ya kila kimoja, mwanga ukitokea nyuma. Utaona aina mbili. Ya kwanza ni kilicholegea, kimezama au kimeinuka chote: gundi yake imekufa. Kipashe moto kwa drayer ya nywele, kisukume kutoka chini kwa kipande cha mti chenye upana unaokaribia wake, kwangua gundi ya zamani kwenye tundu, kisha paka epoksi ya dakika 30 kwenye kuta za tundu, kidogo tu. Weka karatasi yenye nta juu ya uso, ubao uliolala sawasawa juu ya karatasi, ubane kwa klampu kutoka chini ili uso wa plastiki ulingane na mbao. Epoksi iliyotoka ipanguse kwa alkoholi kabla haijashika. Wengine hutumia supaglu kwa sababu ya haraka. Mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye plastiki angavu, na supaglu haikupi nafasi ya kusahihisha.

Aina ya pili ni kilichoshika vizuri ila uso wake umebonyea katikati kama kisahani. Kisichochapwa kitu unaweza kukisawazisha kwa msasa wa 400 uliozungushwa kwenye kibao, kisha 600 na 800. Chenye namba usikiguse kwa msasa. Kijazwe kwa klia (vanishi angavu ya kufunikia) baadaye, tabaka kwa tabaka. Kwenye Eight Ball, vile vya namba ndivyo sura yenyewe ya mchezo.

Matundu na kingo zilizomeguka zijaze kwa epoksi ya mbao, usawazishe. Kisha, bado si rangi: pitisha tabaka moja jembamba la klia, likauke kabisa. Kazi yake ni kufunga rangi ya kale chini, ili rangi yako mpya ikikataa uifute kwa kitambaa chenye unyevu bila kugusa ya kiwandani. Hatua hii pekee ndiyo inayompa mwanafunzi ruhusa ya kukosea.

Rangi iwe akriliki. Nyekundu na njano juu ya mbao tupu hufifia, kwa hiyo tanguliza nyeupe. Changanya, paka kidogo kwenye plastiki angavu, subiri ikauke kwa sababu akriliki hukolea zaidi ikikauka, kisha ilaze juu ya uwanja uilinganishe. Penye rangi ya kale iliyopauka, dondoshea naftha: utaona jinsi itakavyokuwa chini ya klia, na naftha itaruka bila kuacha alama. Usiweke kiraka katikati ya eneo, kitaonekana hata ukipatia rangi. Paka eneo lote hadi kwenye mstari mweusi unaolizunguka, mstari uufiche mshono. Mistari myeusi iwe ya mwisho.

Klia ya mwisho kuna njia mbili. Ile ya magari yenye kigumisho ndiyo ngumu na inayodumu, lakini ina isosianati, kemikali inayodhuru mapafu, na barakoa ya karatasi haikulindi. Inataka hewa safi inayoletwa kwa bomba. Gereji yako haina. Mpelekee fundi wa rangi za magari, umwambie kuna nta ya zamani, asafishe vizuri, la sivyo klia itajitenga na kuacha vishimo. Tabaka mbili tatu, msasa wa 800, kisha nyingine, basi. Ikizidi unene humeguka kuzunguka nguzo. Ukitaka kujifanyia mwenyewe, polyurethani ya maji inafaa. Ni laini zaidi, na baridi ya huko kwako Ohio haitakusaidia, hivyo ngoja siku za nyuzi 20 za Selsiasi au uifanyie ndani ya nyumba. Kwa yoyote, jaribu kwanza kwenye kona inayofichwa na kifuniko cha chini.

Usirudishe vipuri kabla ya wiki tatu au nne. Klia mbichi hubonyea chini ya nguzo. Matundu ya skrubu yafungue mdomo kwa mkono, skrubu isije ikaivuta klia ikapasuka, na drili ya umeme ikae kabatini. Malizia kwa nta ya karnauba, mipira myeupe ya nguzo badala ya myeusi, na tufe jipya la milimita 27; la zamani lenye kutu litarudisha yote mwanzo.

Ukimaliza usafi, simamisha rula juu ya kila kidirisha chenye namba, piga picha kwa ubavu, unitumie kabla hujafungua epoksi. Nitakuandikia kipi cha kung'oa na kipi cha kuacha.

Wako,
Idi