Jani Lililo Ndani ya Daftari la Mpira

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu imetuzoesha vibaya: unaniuliza kama nimekunywa dawa ya presha, nami nakuuliza kama umekula, kisha kila mmoja anasubiri mwenzake aage. Hatukugombana. Ungekuwa ugomvi, wazee wangetuketisha wakatupatanisha; lakini hili letu halina wa kuombwa radhi mbele ya watu, ni baba na binti waliozoea kusimuliana mambo yasiyomgusa mwenzake.

Unajua mimi ni mtu wa mpira. Nilikuwa kijana mwaka 1988 Coastal Union ilipotwaa ubingwa wa ligi, na furaha niliyoiona Tanga wakati ule iliniingia mwilini, haijatoka hadi leo. Ulipozaliwa, hicho ndicho nilichotaka ukirithi kabla ya nyumba na kiwanja, na ndiyo maana nilianza kukupeleka uwanja wa Mkwakwani hata hujaanza shule.

Nakumbuka Jumamosi moja ukiwa na miaka minane. Jukwaa zima limesimama, mshambuliaji wetu amebaki yeye na kipa, nami nikakushika bega nikuonyeshe, nikakuta umenipa mgongo. Ulikuwa umechuchumaa mbele ya mmea mdogo ulioota kwenye ufa wa ukuta, umeligeuza jani lake moja, unapitisha kidole taratibu juu ya vinyweleo vya upande wa chini, kama mtoto wa chuoni anayefuata herufi za juzuu. Nilikuvuta mkono nikakwambia majani yamejaa nyumbani. Hukulia. Uliutazama uwanja mpaka filimbi ya mwisho, na kuanzia siku hiyo ukawa unanifuata Mkwakwani kwa adabu tu.

Ulipochagua kusomea mimea chuo kikuu, nilikuuliza elimu ya majani ina kazi gani. Neno lile linaniuma kuliko yote niliyowahi kukutamkia. Halafu ukaja likizo, ukanieleza kwamba yale maua madogo ya zambarau ambayo watu wa Ulaya huyapanda kwenye vyungu madirishani asili yake ni hii milima yetu ya Usambara, na kwamba jina la kitaalamu ambalo yalipewa awali lilitokana na Mjerumani Walter von Saint Paul, aliyeyapeleka kwao mwaka 1892. Nilikuitikia "ahaa", nikaongeza sauti ya redio. Mwezi uliopita nikajikuta namsimulia jirani habari hiyohiyo, naye ni mzaliwa wa Muheza na hajapata kuisikia, nami nikisimulia kwa fahari kubwa. Usiku sikulala vizuri, kwa kuwa fahari ile nilimpa jirani, na wewe mwenyewe hujawahi kuiona usoni mwangu.

Nimeifuata timu kwa basi hadi Songea na Mwanza. Amani, ambako Wajerumani walianzisha bustani ya mimea mwaka 1902 na ambako wewe umelala kwenye hema usiku mwingi ukifanya utafiti wako, iko hapo juu ya Muheza, na sijapanda hata siku moja.

Juzi nilifungua daftari langu la zamani la matokeo ya mechi. Katika ukurasa mmoja nimekuta jani kavu limebanwa kwa gundi ya karatasi, na chini yake mwandiko wako wa darasa la pili: "Mkwakwani, ukutani, Jumamosi." Kumbe ulilichuma nilipokuvuta. Nakumbuka pia kwamba nilikufokea kwa kuniharibia daftari, tena bila kusoma ulichoandika.

Sijalibandua. Nitakapopokea mshahara wa uzeeni mwezi ujao nitapanda basi la Amani, unipangie siku utakayokuwepo huko, nami nitakuja na daftari uniambie mmea ule unaitwaje.

Ni mimi baba yako,
Tanga