Tusichume vibuyu vya Copolia

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kidogo maana hili jambo limenikaa rohoni tangu nirudi safari.

Mwezi uliopita nilikuwa Shelisheli kikazi, kisiwa cha Mahé, siku ya mapumziko tukaamua watu saba tupande Copolia, ile njia inayoanzia barabara ya Sans Souci ndani ya hifadhi ya Morne Seychellois. Unapanda msituni jasho linakuingia mpaka machoni, alafu ghafla miti inaisha unatokea kwenye mwamba mtupu wa graniti, kama mita 500 juu ya bahari, mji mkuu wao, Victoria, wote uko chini yako. Wenzangu simu juu, wanapiga picha bahari. Mi macho yakaenda chini, kwenye nyufa za mwamba kuna mmea unatambaa, ncha ya jani imerefuka kama uzi na mwisho wa uzi kuna kibuyu kidogo, kina mdomo na kifuniko kabisa. Nikachuchumaa nikachungulia kimoja. Ndani maji, sisimizi wawili wamekufa na mmoja bado anahangaika na ukuta, anapanda anateleza, anapanda anateleza.

Kumbe ndo Nepenthes pervillei, wenyeji kwa Kikreoli wanauita lalyann potao. Porini haupo popote duniani isipokuwa kwenye visiwa vya Mahé na Silhouette, basi. Pale kwenye mwamba udongo wa maana hakuna, nitrojeni utaitoa wapi, ndo maana unatega wadudu, unawavuta kwa utamu pale mdomoni, wakiteleza wanazama na yale maji yanawameng'enya taratibu. Na sisi wa Afrika bara hatuna mmea wa jamii hii ya Nepenthes hata mmoja wa porini, kwa hiyo yaani nilikaa pale kama mtoto, sitaki kuondoka.

Sasa kilichoniuma. Mwenzetu mmoja akakata vibuyu vitatu, eti watoto nyumbani waone. Nikamwambia aache, akasema viko vingi. Jani likishakatwa kibuyu halioti kingine, na Nepenthes wote wamo kwenye CITES, ule mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, huwezi tu kutia kwenye begi ukavuka nao mpaka bila kibali. Tulivyofika chini kwenye gari vilishasinyaa, maji yamemwagika, akavitupa majanini.

Simlaumu sana, hakuna aliyemfundisha. Ndo maana nawaandikia nyie, maana kurasa zenu za utalii kila wiki ni fukwe na hoteli, hii mimea inayokula wadudu sijawahi kuiona hata mara moja na hata ya kwetu hamuiandiki. Ipo! Drosera madagascariensis jina ni la Madagaska lakini inaota mpaka kwenye vinamasi vya hapa Tanzania, vijani vidogo vina vinywele vyekundu na kila kinywele kina tone la gundi linang'aa kama umande, mdudu akitua kanasa. Tunaukanyaga bila kujua, na kinamasi kikikaushwa tulime unapotea na wenyewe.

Andikeni basi, hata nusu ukurasa. Picha ninazo, na ile ya sisimizi akiwa bado anapanda imetoka vizuri sana, nitawatumia bure.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Tanga