Ukiweka 4A-GZE kwenye Corolla KE70, anza na sampu

Mhariri,

Vijana wa Mbeya wanapenda kuchukua injini ya 4A-GZE, yenye supachaja (pampu inayosukumia injini hewa zaidi), kutoka Corolla AE92 na kuiweka kwenye KE70. Chaguo zuri. Huku kwetu hewa ni nyepesi, na supachaja hurudisha nguvu inayopotea mlimani. Lakini AE92 huvuta kwa matairi ya mbele na injini yake hukaa kwa upana, wakati KE70 huvuta kwa ya nyuma. Ukiigeuza ikae kwa urefu, vifaa kadhaa hugoma.

Sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, ndiyo ya kwanza: hugonga krosimemba, chuma kinachopita chini ya injini. Tafuta ya AE86, Corolla inayovuta kwa nyuma, pamoja na bomba lake la kufyonzea oili. Wengi hununua sampu peke yake. Bomba la zamani halifiki oili ilipo, presha inashuka, beringi za krankishafti zinaungua. Halafu giaboksi: ya KE70 haifungiki hapo, T50 ya AE86 inafungika. Kabla ya kuibana, ingiza kidole kwenye tundu la nyuma ya krankishafti. Likiwa tupu, weka beringi ya pailoti, kwani ncha ya shafti ya giaboksi hiyo ya T50 hukaa humo. Bila hiyo shafti inacheza na klachi haiachii vizuri.

Mdomo wa maji nyuma ya silinda hedi nao ugeuzwe, usiguse bodi.

Namba ya injini kwenye kadi ya gari ibadilishwe TRA. Na nawasihi sana mafundi wenzangu: msimkabidhi mteja gari hilo likiwa na breki za zamani, maana kesho atashuka nalo mteremko mkali wa Kitonga.

Fundi magari,
Uyole, Mbeya