Barua kwa Rehema kuhusu dawa za siku za mwanzo

Mpendwa Rehema,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na wote ulio nao. Yako niliisoma mara mbili, na nilipofika mahali uliposema kwamba dawa kama deksamethasoni na ivermektini zilipaswa kutolewa mapema, kwa kuwa wagonjwa wa UVIKO-19 walitelekezwa majumbani mpaka wazidiwe, niliiweka kando kwa muda, kwa sababu jambo hilo nililiona kwa macho yangu.

Unakumbuka mama alipougua. Tuliambiwa tumpe parasetamoli, anywe maji mengi, na tumrudishe akianza kushindwa kupumua. Hakuna aliyetueleza tumwangalie vipi wala tupime nini. Nawe unajua hila ya ugonjwa huu: oksijeni huweza kushuka katika damu ilhali mgonjwa anazungumza na kusema hajambo. Jirani alituazima kipima oksijeni cha kubana kidoleni, nami nikawa naandika namba asubuhi, mchana na usiku nyuma ya kalenda. Siku ya nane, namba iliyokuwa 96 ikasoma 90, na mama akaniuliza kwa nini namsumbua hali yeye ni mzima. Tulimpeleka hospitali usiku ule ule. (Baadaye nilisoma kwamba vipimo hivyo mara nyingine huonyesha namba kubwa kuliko hali halisi kwa watu wenye ngozi nyeusi, nikashukuru kwamba hatukungoja zaidi.)

Huko aliwekewa oksijeni na kupewa deksamethasoni, na hapa ndipo njia zetu zinapoachana, kwa kuwa ndiyo dawa uliyoniandikia kwamba mjomba wako aliimeza siku ya pili ya homa na kwamba angali ameiweka kabatini. Jaribio la RECOVERY la Uingereza, lililotangaza matokeo yake Juni 2020, lilionyesha kwamba dawa hiyo ilipunguza vifo kwa takriban thuluthi moja miongoni mwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, na kwa takriban moja ya tano miongoni mwa waliohitaji oksijeni pekee, lakini wale wasiohitaji oksijeni hawakupata faida yoyote. Siku za mwanzo virusi ndivyo vinavyozaliana, na mwili unaitegemea kinga yake. Baadaye, kwa wanaozidiwa, kinga hiyo hiyo hupitiliza na kuanza kuyadhuru mapafu, na hapo ndipo deksamethasoni inapofaa, kwani kazi yake ni kuituliza. Kuituliza siku ya pili ni kumvua mlinzi silaha wakati mwizi yuko mlangoni. Ndiyo maana neno "mapema" peke yake halinitoshi, Rehema; lazima tuulize ni dawa gani inayotolewa mapema, na inamfaa nani.

Ivermektini, dawa ya minyoo na vimelea vingine, ni dawa ninayoiheshimu, kwa maana imewaokoa watu wengi mno na upofu wa usubi. Matumaini ya kutibu UVIKO-19 yalianzia katika seli za maabara, kwa viwango vikubwa kuliko vile ambavyo damu ya mtu hufikia kwa dozi za kawaida. Jaribio la TOGETHER, lililofanyika Brazili kwa wagonjwa 1,358 ambao dalili zao hazikuwa zimezidi siku saba, halikuona kwamba iliwapunguzia kulazwa. Umenitajia watu kadhaa walioimeza wakapona, nami sina shaka kwamba walipona. Ila wengi mno wanaopata ugonjwa huu hupona hata wasipomeza chochote, kwa hiyo bila kuwalinganisha na wenzao waliopewa kidonge kisicho na dawa, hatuwezi kujua sifa ni ya dawa au ni ya mwili wenyewe.

Hata hivyo, waliodai kwamba mgonjwa atibiwe mapema hawakukosea katika dai lao la msingi. Paxlovid, vidonge vya kuzuia virusi hivyo visizaliane, iliyoruhusiwa Marekani kwa dharura Desemba 2021, hutakiwa kuanza ndani ya siku tano tangu dalili zitokee. Katika jaribio lake la kwanza, miongoni mwa watu wasiochanjwa na walio katika hatari kubwa, walioianza ndani ya siku tatu walipungukiwa na hatari ya kulazwa au kufa kwa asilimia 89. Kwa watu wenye hatari ndogo, majaribio ya baadaye hayakuonyesha faida kama hiyo. Kinachoniuma ni kwamba kabla ya kufika huko, karibu miaka miwili ilipita mgonjwa wa nyumbani akipewa maneno machache tu, na kila aliyekuja na kidonge na sauti ya upole alisikilizwa. Hata pale ambapo dawa haikuwapo, kumpigia mgonjwa simu kila siku na kumwachia kipimo kulikuwa kunawezekana, na sijasikia hoja ya kuniridhisha kwa nini hilo halikufanywa kila mahali.

Nina ombi moja. Mjomba wako ana umri mkubwa na ana shinikizo la damu, kwa hiyo akiugua tena ni mtu wa kupelekwa kwa daktari siku ile ile ya kwanza, na tarehe ya dalili iandikwe. Paxlovid hugongana na dawa nyingi, zikiwemo baadhi ya zile za moyo na za kupunguza lehemu. Tafadhali orodhesha zote anazomeza sasa, majina na viwango kama vilivyoandikwa kwenye pakiti, umwekee karatasi hiyo pamoja na kadi yake ya kliniki, na ile deksamethasoni iliyobaki muirudishe kwa mfamasia.

Nakusubiri.

Rafiki yako wa siku zote,
Salma