Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Tulipokubaliana kuanzisha mazoezi ya pamoja kwa wenzetu wanaotibiwa saratani ya mapafu, baadhi yenu mliniuliza: mtu anayehema kwa ngazi tatu tu, unamtakia mazoezi ya nini? Lilikuwa swali la haki. Mke wangu alipokuwa kwenye kemo, yaani matibabu ya dawa kali za saratani, sote nyumbani tulimwambia alale apumzike. Akalala. Miguu ikamwisha nguvu mapema, na hilo linaniuma hadi leo.

Mtaalamu wetu wa fiziotherapia ametufundisha kwamba misuli isiyotumika hudhoofu, na misuli dhaifu humfanya mgonjwa aheme zaidi kwa kazi ileile. Mwongozo wa 2022 wa ASCO, chama cha madaktari wa saratani cha Marekani, unapendekeza mazoezi kwa walio kwenye matibabu ya kuponya, na hata kabla ya upasuaji wa mapafu.

Kila anayejiunga hupimwa kwanza: anatembea dakika sita kwenye korido ya mita 30, kipima oksijeni kikiwa kidoleni. Baada ya hapo ni kutembea, kuinuka na kuketi kitini, na kuvuta mikanda ya mpira ya mazoezi, kwa kasi inayomwachia pumzi ya kuzungumza. Mwenye homa hafanyi siku hiyo.

Nataka mwelewe kwa nini nasisitiza msimamizi. Mwenzetu mmoja alifika akilalamika mgongo. Mimi ningemwambia ajinyooshe kidogo. Mtaalamu alimkataza kunyanyua chochote, akamrudisha kwa daktari siku ileile. Ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye pingili za uti wa mgongo, na mzigo mdogo tu ungeweza kuzivunja.

Mahudhurio yanapungua siku zinazofuata kemo, wala hatumlaumu mtu. Kinachoniumiza ni nauli. Anayetoka Chanika hubadilisha daladala akiwa hoi, na wengine wameacha kuja kwa sababu hiyo pekee. Kwa hiyo naomba mridhie fedha tulizotenga kwa fulana za chama zihamishiwe kwenye nauli za wagonjwa na posho ya mtaalamu. Mweka hazina atawasomea hesabu.

Mazoezi yanaendelea Jumanne na Alhamisi, saa mbili asubuhi, kabla ya jua kali. Tafadhali waleteeni wagonjwa wenu viatu vya kufunga. Kemo huwatia baadhi yao ganzi kwenye nyayo, na kandambili huwavuka miguuni bila wao kuhisi.