KUH: MASHINE MLIYONIUZIA BILA VIBANO, NA UBAWA WA MARUFAA YA KUWEKEA MSAHAFU MLIOUVUNJA JUU YA KAUNTA YENU

Chake Chake, Pemba

Kwa Meneja wa Duka la Zana na Mashine,
Mjini, Unguja.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wafanyakazi wako wote. Masharti yenu ya mauzo mnayajua kuliko mimi. Mmeyabandika ukutani nyuma ya keshia na mmeyapiga chapa nyuma ya risiti, kwa hiyo sitawasomea. Naandika kuhusu ile mashine ya kukatia nakshi, mliyoiandika "skroli soo" kwenye risiti, shilingi 640,000 taslimu, nilizowahesabia mkononi noti moja moja.

Kabla sijalipa niliuliza swali moja, na niliuliza mara tatu: je, inashika bledi zisizo na pini? Mara ya kwanza kijana wenu alisema inashika. Mara ya pili alisema, "Inashika zote, mama." Mara ya tatu nilifungua karatasi nikatoa bledi yangu mwenyewe, nikamuwekea kiganjani. Akaitazama, akasema, "Hii hii." Na boksi lenyewe lina picha ya vibano viwili vya kushikia bledi hizo, na maandishi ubavuni yanasema vimo ndani.

Havimo. Havikuwamo tangu siku ya kwanza. Boksi nililifungua nyumbani kwangu mbele ya jirani zangu wawili, utepe wa kiwandani ukiwa haujaguswa.

Mnauza vitu vingi, kwa hiyo hili nitalieleza mara moja, asije mtu akasema bibi wa Pemba kaleta makelele kwa vyuma viwili vidogo. Bledi ya pini ina kijiti cha chuma kilichokingama kila ncha. Ukitaka kukata nakshi ya katikati ya ubao, lazima kwanza utoboe tundu kwa keekee, upitishe bledi, uikaze juu na chini, ndipo uwashe mashine. Kijiti kile kinataka tundu la milimita 5 hivi. Bledi isiyo na pini inapita kwenye tundu la milimita 1. Jicho la samaki ninayemkata kwenye nakshi yangu ni milimita 3. Hiyo pini niipitishe wapi? Jicho lote limeshaliwa kabla sijaanza kukata. Mashine isiyo na vibano hivyo kwangu ni jiwe la shilingi 640,000.

Mimi si fundi wa kuuza. Nimeshona kofia za viua tangu nina miaka 9, na macho yalipoanza kukataa sindano nikahamia kwenye ubao. Kazi ni ile ile. Kofia ni matundu: unachora, unatoboa, unazungushia uzi, na uzuri unakaa pale ulipotoa kitu. Kwa miaka minne nimekata kwa msumeno wa mkono, ule wa upinde, nimekaa barazani baada ya alasiri na jirani zangu ambao nao wameshanogewa. Tumekata vitundikio vya funguo vyenye umbo la kikonyo cha karafuu, fremu za saa, majina ya watoto ya kubandika mlangoni. Hatuuzi hata kimoja. Tunatunza harusini, tunampelekea mzazi aliyejifungua. Bledi ikikazwa sawasawa, ukiigusa kwa ukucha inalia kama uzi wa udi. Ikilegea inakaa kimya, na ndani ya ubao inapotea njia. Mtu anayeisikiliza bledi yake namna hiyo hapotezi vibano vyake.

Na hapa ndipo nilipofika siku ya Jumatatu.

Niliingia dukani kwenu na boksi la mashine limefungwa kamba, na mkoba wangu wa ukili. Nikamsalimia kijana wa kaunta ya pili, hakuitika. Nikamueleza. Akasema mbele ya watu saba waliokuwa foleni, "Vibano umevitoa mwenyewe, bibi. Vimo humo." Nikasema humu havimo. Akauvuta mkoba mkononi mwangu, akaupindua juu ya kaunta. Miwani, dawa zangu za presha, khanga, chupa ya maji, na ubawa wa marufaa niliouleta ili nimuoneshe ukubwa wa matundu. Ubawa ukapiga ukingo wa kaunta ukaanguka chini, ukakatika pale kwenye samaki. Alichosema baada ya hapo ni hiki: "Hii mashine ya mafundi. Si ya kushonea kofia."

Niliandika mpaka hapo nikaiacha barua siku mbili, kwa sababu nilikuwa naandika maneno ambayo mtu wa umri wangu haandiki.

Nisisahau simu. Kabla ya kupanda meli niliwapigia mara tano. Mara mbili mlipokea. Aliyepokea mara ya kwanza alisema vibano vipo stoo, nije. Nikaja, hiyo ndiyo safari ya kwanza: gari hadi bandari ya Mkoani, meli hadi Unguja, na mtu wa stoo nikaambiwa hayupo, nirudi kesho. Nikalala kwa dada yangu Mwanakwerekwe, nikarudi kesho yake, bado hayupo. Nikarudi Pemba mikono mitupu, na hiyo ilikuwa siku ya 9 tangu ninunue, wakati masharti yenu ya mauzo yanampa mteja siku 30. Safari ya pili mkanipa vibano vya mashine nyengine. Skrubu haikuingia hata mzunguko mmoja. Nilikuwa nimesimama pale pale dukani, nikasema haviingii, mkasema vitaingia nikifika nyumbani. Chuma kinabadilika kikivuka bahari? Safari ya tatu ndiyo hiyo Jumatatu, na safari hii niliibeba mashine nzima ili asiwepo mtu wa kuniambia sijui kuifunga. Uzito wa mashine ile mnaujua. Niliibeba mimi na mtoto.

Nilichokuwa nataka hadi Jumatatu asubuhi ni vibano viwili tu. Ningevipata ningewaombea dua nikaenda zangu. Sasa nataka fedha zangu zote 640,000, mje muichukue mashine yenu, na nawapa siku 14 kuanzia mtakapoipokea barua hii.

Lile neno la kofia linanirudia. Kijana wenu amezaliwa Unguja, lafudhi yake naisikia. Kila nikiteremka bandarini, kitu cha kwanza ninachokitazama ni roshani za Dispensari ya zamani pale Mizingani, jumba lililowekewa jiwe la msingi 1887. Mbao zake zimetobolewa mpaka zikawa kama kimia. Niliwahi kukaa upande wa pili wa barabara na penseli, nikachora kipande cha ukingo wake, na kipande hicho ndicho kilichozunguka marufaa yangu. Samaki na mnyororo nimevitoa kwenye miimo ya milango ya Mji Mkongwe. Mji huo umetiwa kwenye urithi wa dunia tangu 2000, wageni wanavuka bahari kuja kuupigia picha milango yake, na kijana anayefanya kazi hatua chache kutoka hapo anamwambia mwanamke kuwa nakshi si kazi yake. Basi nani waliozishona kofia wanazovaa mabwana siku ya Idi? Kila kiua kimoja ni tundu, na kila tundu kuna mwanamke aliyelihesabu.

Marufaa ile haikuwa ya maonesho. Ina mbawa mbili za mfenesi, ubao wa shamba kwetu, wa manjano, uliokaushwa kivulini miaka miwili. Ubawa wa kushoto niliumaliza kwa mkono kwa muda wa miezi mitano. Una matundu 212. Ukuta kati ya tundu na tundu pengine ni milimita 2, na kila mmoja nimeupitishia msasa uliokunjwa mwembamba kama njiti ya kibiriti. Kifundo cha mkono kilivimba, na daktari akanikataza msumeno wa upinde. Kwa ajili ya ubawa wa kulia ndiyo nikanunua mashine. Mjukuu wangu anahitimu msahafu Mfunguo Sita, inshallah, na marufaa ni yake. Alikuwa hajui kama ni yake.

Nimesema niliibeba mashine mimi na mtoto. Mtoto ni huyo.

Sasa nirudie ile Jumatatu, maana mara ya kwanza sikuiandika yote. Kijana aliposema vibano vimo humo, mjukuu wangu, mwenye miaka 11, alimjibu kwa adabu, "Kaka, havimo, tulifungua pamoja." Kijana akamwambia, "Wewe nyamaza, mnafundishana." Maana yake tumekuja kuiba, mtu na mjukuu wake. Hapo ndipo alipouvuta mkoba. Mimi nilikuwa bado nimeushika mkono mmoja wa ukili, akavuta mpaka ukaniponyoka. Alipoupindua, ubawa ulikuwa umefungwa ndani ya khanga. Khanga ikafunguka, ukatoka, ukapiga ukingo, nikausikia. Mtu aliyekata ubao huo miezi mitano anaujua mlio huo hata kwa macho yaliyofumba. Akaendelea kupangua dawa zangu kwa kidole, anatafuta vibano. Msimamizi wenu mwenye shati la bluu alikuwa amesimama hatua mbili na simu mkononi. Hakusema neno mpaka vitu vyote vilipokwisha kumwagika, na alipofungua mdomo aliniambia mimi, "Mama, sogea, unazuia foleni." Vibano havikupatikana. Hakuna aliyesema samahani. Mmoja kati ya wale watu saba, baba mmoja mwenye kanzu, ndiye aliyeniokotea miwani.

Mtoto alipiga magoti akaokota vipande sakafuni kimoja kimoja, akavitia kwenye pindo la khanga. Kwenye meli alivitandaza mapajani akajaribu kuvipanga. Akaniuliza, "Bibi, hii ilikuwa ya nani?" Nikamwambia.

Ubao ulikatika kukingamana na nyuzi zake. Gundi haishiki vizuri hapo, na ukuta wa milimita 2 hauchukui hata msumari wa saa. Ubawa ule hautengenezeki. Inabidi nianze upya, na mkono wangu ndio huu.

Kwa hiyo zile siku 14 nilizoziandika hapo juu nazirudisha. Ziwe 7. Na nisichokitaja hapo juu nakitaja hapa. Nataka fedha zangu zote taslimu, si kwa hundi na si kwa kubadilishiwa bidhaa. Nataka nauli ya safari zote tatu, ya mtoto ikiwemo, tiketi ninazo zote. Nataka barua ya kuomba radhi yenye mhuri wenu na saini ya msimamizi wa shati la bluu, iliyoandikwa kwangu na kwa mjukuu wangu, kwa sababu yeye ndiye aliyeitwa mwizi na hajawahi kuokota hata embe la jirani. Kijana wa kaunta ya pili simuombei kufukuzwa kazi. Ana wazee wake wanaomtegemea. Ila aje Chake, akae barazani kwangu asubuhi moja, nimpe keekee, atoboe matundu 212 kwenye ubao wa mfenesi. Akimaliza nitampikia chakula cha mchana na nitamsamehe mbele ya jirani zangu.

Siku ya nane ikifika bila jibu, nakala ya barua hii, risiti, picha ya boksi na picha ya ubawa zitakuwa mezani kwa Tume ya Ushindani Halali wa Biashara. Sheria ya kumlinda mtumiaji tunayo hapa Zanzibar, ya 2018, na mwanangu ameshanisomea. Kamera yenu iko juu ya kaunta ya pili, niliiona. Picha za Jumatatu kabla ya adhuhuri msizifute. Nikisikia zimefutwa, hilo nalo nitaliandika. Jirani zangu wawili waliokuwa wanangoja nimalize mimi ndipo nao wanunue mashine kwenu, wameshaahirisha, na khabari inatembea Pemba haraka kuliko meli.

Jina langu na namba ya simu mnavyo kwenye risiti.

Na kabla hamjajibu chochote, fanyeni jambo moja ambalo halina gharama. Vipande tulivyorudi navyo ni 11. Nimevipanga juu ya karatasi ya mchoro, kimepungua kimoja, kichwa cha samaki chenye tundu la jicho. Ni kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, cha manjano. Kimebaki kwenu. Pigeni magoti kama alivyopiga mtoto, mtazame chini ya kaunta ya pili, upande wa mlangoni, mnitumie.

Wassalaam,
Mteja wenu wa Chake Chake.